GB 256 za Nini?

Ingia duka lolote la simu Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, uulize simu gani itakufaa. Kabla hujaulizwa unafanya kazi gani wala unapiga picha za nini, utatajiwa GB. Ushauri ni mmoja, na umeshatoka madukani ukaingia majumbani: chukua yenye GB nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu, kwani nafasi haijawahi kumzidi mtu. Ndugu anayerudi kutoka Dubai huagizwa GB kwanza, mengine baadaye. Kijana anayedunduliza fedha ya simu ya 128 huambiwa avumilie mwezi mmoja tena, aongeze, achukue ya 256, asije akajuta.

Naupinga ushauri huu. Unamfanya mtu wa kipato cha kawaida alipie nafasi asiyoihitaji kwa fedha ambayo ingemnunulia kitu anachokihitaji kweli, kisha unamwacha na tatizo lile lile lililompeleka dukani. Kwa wengi wanaonunua simu leo, GB 128 zinatosha kwa miaka yote watakayokaa nayo. Wapo wanaohitaji zaidi, na nitawataja. Lakini mtu aingie kundi hilo kwa hesabu yake mwenyewe, asiingizwe kwa hofu.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Wengi wetu tuliingia katika simu za kisasa kupitia simu za GB 8 au 16, na adha yake tunaikumbuka: programu ya benki inakataa kusasishwa, kamera inagoma katikati ya mahafali, unafuta picha za mtoto ili upate nafasi ya kupokea barua ya usaili. iPhone ya kwanza, ya mwaka 2007, iliuzwa ikiwa na GB 4 au 8. Mwaka 2014 iPhone 6 ilikuwa bado inaanzia GB 16. Aliyepita huko akiapa kutorudia, simlaumu. Ila simu ya GB 16 ilijazwa na mfumo wenyewe pamoja na programu chache za lazima, na mwenye simu hakuwa na la kufanya. Simu ya 64 au 128 inayojaa leo inajazwa na vitu vingine kabisa, na vingi kati ya hivyo mwenye simu hakuviomba, havijui, na hatavikumbuka vikifutwa usiku huu.

Fungua Mipangilio ya simu yako, uingie sehemu ya hifadhi, utazame orodha. Kwa Waswahili wengi jina la juu, au la pili, litakuwa WhatsApp. Ikiachwa kama ilivyokuja, WhatsApp hupakua picha zenyewe hata ukiwa kwenye bando, na ikikutana na Wi-Fi hupakua kila kitu: sauti, video, nyaraka. Kwenye Android, kila unachotuma huacha nakala yake katika folda ya vilivyotumwa, hivyo picha moja uliyopiga kwa kamera na kuituma kwa shangazi sasa ni picha mbili. Nakala za akiba za mazungumzo nazo hukaa humo humo ndani ya simu, na zinaweza kufika za siku saba. Sasa weka juu yake kundi la ukoo, kundi la wazazi wa darasa la tatu, kundi la kikoba, kundi la jumuiya, na kundi la kamati ya harusi ambayo maharusi wake wameshapata mtoto wa pili. Kila kundi lina mtu wake wa kuamkia na ua lenye maandishi ya dhahabu, na kila Ijumaa na kila Jumapili lina video ya mawaidha au kwaya iliyokwisha kupita katika makundi mengine manne uliyomo.

Jambo hili si letu peke yetu. Januari 2018 gazeti la Wall Street Journal la Marekani liliripoti kwamba watafiti wa Google, wakichunguza kwa nini simu nyingi za India zinajaa na kukwama, walikuta sababu kubwa ni picha za kutakiana asubuhi njema. Google haikuwaambia Wahindi wanunue simu kubwa zaidi. Iliweka katika programu yake ya kusimamia mafaili, iliyoitwa wakati huo Files Go, njia ya kuzitambua picha hizo na kuzifuta kwa mkupuo. WhatsApp wenyewe mwishoni mwa 2020 waliongeza ukurasa wa kusimamia hifadhi, unaokuonyesha mafaili yanayozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi, ili uyafute kwa pamoja. Makampuni yanayoijua simu kwa ndani yalipotazama simu iliyojaa yaliona uchafu wa kufagia. Sisi tukiitazama hiyo hiyo tunaona sababu ya kuongeza laki.

Hapo ndipo penye udhaifu wa kwanza wa ushauri wa GB nyingi. Kama kilichojaza GB 32 ni vitu visivyotakiwa vinavyoingia vyenyewe, basi vitajaza 128, na baada yake 256, kwa sababu chanzo hakijaguswa. Ukubwa unaahirisha siku ya kujaa, na muda wote huo taka hazikai kimya. Unatafuta picha ya hati ya kiwanja na kupita katikati ya maelfu ya picha za maua. Ukiamua kuweka nakala mtandaoni, unaweka na taka zake, nazo zinakula nafasi ya bure. Akaunti ya Google inatoa GB 15 bila malipo. Tangu 1 Juni 2021 Google Photos iliacha kutoa nafasi isiyo na kikomo, na tangu 2024 nakala za WhatsApp za Android zinahesabiwa ndani ya GB hizo hizo 15. Kwa hiyo anayelea taka kwenye simu kubwa atalipa mara mbili: kwanza dukani, halafu kila mwezi kwa kulipia nafasi ya mtandaoni.

Tufanye hesabu sasa, kwa kuwa hesabu ndiyo inayokosekana kwenye kaunta. Simu iliyoandikwa GB 128 ina baiti bilioni 128, lakini zikihesabiwa kwa mizani nyingine huonekana kama 119. Mfumo na programu zilizokuja na simu huchukua, kutegemea kampuni, kati ya 15 na 25. Unabaki na takriban 95. Programu za mtu wa kawaida, yaani WhatsApp, Facebook, TikTok, YouTube, benki, fedha za simu kama M-Pesa au Mixx, ramani, Biblia au Kurani, pamoja na data zake, zikifika 20 ni nyingi. Zinabaki 75 za maisha yako.

Picha ya kawaida ya simu ina kati ya MB 2 na 5, tuchukue 3. Anayepiga picha 10 kila siku, bila kupumzika hata siku moja, kwa mwaka anapiga 3,650, ambazo ni takriban GB 11. Kwa miaka mitatu ni 33. Video ndiyo inayokula. Kwa makadirio ambayo Apple yenyewe inayaonyesha kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone, dakika moja ya video ya 1080p kwa fremu 30 ni karibu MB 60 ikibanwa kwa mfumo mpya, na karibu 130 kwa mfumo wa zamani ambao simu nyingi za bei nafuu bado zinautumia. Kwa mfumo huo wa zamani, saa moja nzima ni karibu GB 8. Saa tano za kumbukumbu za familia, yaani ubatizo, akika, mahafali, safari ya kijijini, hazifiki 40. Jumlisha na zile 33 za picha: hazifiki 73. Hapo hujafuta kitu hata kimoja kwa miaka mitatu, wala hujahamisha chochote kwenda mahali pengine. Nyaraka nazo? Mwalimu mwenye mafaili elfu moja ya PDF ya MB 5 kila moja ana GB 5 tu.

Hesabu hiyo inamhusu nani? Inamhusu mwalimu, muuguzi, dereva wa bodaboda anayefuata ramani, mama anayeuza vitenge kwa kuweka picha kwenye stetasi, karani, mkulima anayefuatilia bei ya mazao, mwanafunzi wa chuo. Hao ndio wengi wa wanunuzi wa simu Afrika Mashariki, na ndio wanaoambiwa kila siku kwamba 128 ni ya kuanzia tu.

Watetezi wa GB nyingi wana methali mkononi: akiba haiozi. Methali ni ya kweli kwa mahindi na kwa fedha. Nafasi tupu ndani ya simu haina sifa hiyo. Haihamishiki kwenda simu nyingine, haikopesheki, haizai. Betri ikichoka, kioo kikipasuka, au kampuni ikiacha kuleta masasisho ya usalama, nafasi uliyoilipia inaondoka na simu ikiwa tupu vile vile. Na wakisema utairudisha fedha yako utakapoiuza, waulize wanaonunua simu zilizotumika. Mnunuzi wa simu iliyotumika anatazama kioo, betri, kamera na umri wa simu. GB zinaongeza kidogo kwenye bei, na mara chache sana zinarudisha tofauti yote uliyoilipa ikiwa mpya.

Tofauti hiyo ya bei inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndiyo kiini cha ugomvi wangu. Mwaka 2014, kwenye iPhone 6, kupanda kutoka GB 16 hadi 64 kuligharimu dola 100, na kutoka 64 hadi 128 dola 100 nyingine. Mwaka 2021, kwenye iPhone 13, dola 100 zilikutoa 128 hadi 256, na dola 200 zilikutoa 256 hadi 512. Ile hatua ya dola 100 imebaki hapo hapo wakati kinachopatikana ndani yake kimeongezeka maradufu. Hii inaonyesha kwamba bei ya hatua haitokani na gharama ya chipu ya kuhifadhia. Inatokana na kile ambacho mnunuzi yuko tayari kulipa akishatishwa kwamba simu itajaa. Mwaka ule ule wa 2014 Apple iliiondoa GB 32 katikati ya 16 na 64: aliyeona 16 ni ndogo hakuwa na pa kusimama, akapanda hadi 64.

Upande wa Android hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa namba ya GB hutumika kuficha mambo mengine. Zipo simu za bei nafuu zinazotangazwa kwa GB 256 huku ndani mna chipu dhaifu na RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya kweli ya GB 4. Kwenye boksi utasoma RAM "8GB", na pembeni kwa herufi ndogo 4+4: nne ni za kweli, nne zimekopwa kutoka kwenye hiyo hiyo hifadhi uliyoambiwa ni kubwa. Samsung huuita ukopaji huo RAM Plus, na kampuni nyingine zina majina yao. Hifadhi iliyokopeshwa haina kasi ya RAM, na mnunuzi anayeuliza GB tu hawezi kujua kwamba simu yake itaanza kusuasua muda mrefu kabla haijajaa.

Hata hifadhi yenyewe haifanani kati ya simu na simu. Zipo za aina ya eMMC, ambayo toleo lake la 5.1 lina kikomo cha MB 400 kwa sekunde, na zipo za aina ya UFS, ambayo toleo lake la 4.0, lililotangazwa na Samsung mwaka 2022, husoma hadi MB 4,200 kwa sekunde. Simu ya 128 yenye UFS na RAM ya kweli ya GB 6 au 8 itafungua programu, itasasishwa na kupiga picha mfululizo kwa namna ambayo simu ya 256 yenye eMMC haiwezi. Hii ndiyo fedha ninayoipigania. Tofauti kati ya 128 na 256 ndani ya simu moja mara nyingi inatosha kukusogeza kwenye simu bora zaidi yenye 128: chipu imara, kamera nzuri, betri kubwa, au ahadi ndefu ya masasisho. Galaxy A16, simu ya Samsung ya daraja la chini iliyotoka 2024, iliahidiwa miaka 6 ya masasisho ya usalama. Kwa mtu anayefanyia miamala ya fedha kwenye simu kila siku, miaka sita ya ulinzi ina thamani kuliko GB 128 za ziada ambazo hatazigusa.

Najua jibu litakalokuja: kama simu itadumu miaka sita, si ndiyo sababu ya kuchukua nafasi kubwa? Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Programu zinakua, mifumo inakua, na hifadhi ya ndani haiongezeki baada ya kununua. iPhone 17 ya mwaka 2025 imeanzia GB 256, na wapo wanaoitumia kama ushahidi kwamba 128 imekwisha muda wake. Lakini Galaxy S25 ya mwaka huo huo, nayo simu ya daraja la juu, ilianzia 128. Nami sisemi mtu aikatae 256 ikija kwa bei ile ile, achukue, ashukuru. Ninachokataa ni kuilipia ziada kwa kubahatisha. Kwenye hesabu yangu ya hapo juu niliacha mtu asifute wala kuhamisha chochote kwa miaka mitatu. Mtu huyo huyo akikaa nayo miaka sita, lakini mara moja kwa mwaka akahamishia picha na video zake mahali pengine, simu yake haitakaribia kujaa. Simu yenyewe nayo imejifunza kujisaidia. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone inaweza kuondoa programu usizotumia na kukuwekea data zake. Android nayo, tangu 2023, inaweza kuzipunguza programu zilizolala bila kupoteza taarifa zako.

Na hapo kwenye kuhamisha ndipo ilipo hoja yangu kubwa kuliko zote. Wanaonunua GB nyingi wanadhani wamenunua usalama wa kumbukumbu zao. Wamenunua kinyume chake. Kadiri simu inavyobeba zaidi, ndivyo mwenye simu anavyochelewa kutoa nakala, na ndivyo hasara inavyokuwa kubwa siku simu inapotoka mikononi. Na itatoka. Itakwapuliwa dirishani mwa daladala, itaanguka ndooni, itagoma kuwaka asubuhi moja bila sababu. Zamani fundi hodari angeweza kuchomoa chipu na kuvuna kilichomo. Siku hizo zinaisha: tangu Android 10, ya mwaka 2019, Google inataka kila simu mpya isimbe data zake, yaani izifunge kwa ufunguo uliomo ndani ya simu yenyewe. Ni ulinzi mzuri dhidi ya mwizi. Lakini maana yake ni kwamba bodi ikifa, picha zinakufa nayo, na chipu ya GB 512 ikitolewa na kuwekwa mezani kwa fundi ni kipande tu cha silikoni.

Mjane aliyebakiwa na sauti ya mumewe katika ujumbe wa WhatsApp hahitaji GB 512. Anahitaji sauti ile ikae mahali pawili. Kijana mwenye picha ya cheti cha kidato cha nne anahitaji picha hiyo iwepo simu ikipotea kesho. Tunapomwambia mtu anunue nafasi kubwa ili asipoteze vitu vyake, tunampa utulivu usio na msingi, na anayelipa gharama ya utulivu huo ni yeye.

Sasa kuna pingamizi ambalo nalipa heshima kuliko mengine yote, kwa sababu linatoka katika maisha yetu halisi: bando ni ghali. Ushauri wa kuweka vitu mtandaoni uliandikwa na watu wenye Wi-Fi isiyokatika nyumbani. Kupandisha GB 20 za picha kwa bando la wiki ni kuchoma fedha, na atakayefanya hivyo kila mwezi atakuwa amelipa tofauti ya simu kubwa ndani ya muda mfupi. Nakubali kila neno. Lakini kutokuwa na bando hakumlazimishi mtu kununua simu kubwa, kwa kuwa mtandao si mahali pekee pa kuweka nakala. Waya wa USB na kompyuta ya ofisini au ya jirani havili bando. Flashi yenye kichwa cha USB-C huchomekwa kwenye simu moja kwa moja, na mafaili yakahamia bila kompyuta. Diski ya nje ya TB 1 inabeba zaidi ya mara saba ya simu ya 128, inatumika na familia nzima, na haiondoki simu inapobadilishwa. Mtandaoni upeleke vichache visivyo na mbadala: vyeti, hati, namba za watu, picha teule. Hivyo GB 15 za bure za Google zinavimeza bila shida, na Wi-Fi ya kazini au chuoni inatosha kuvipandisha.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili kabisa, wakidai kwamba hata 32 au 64 inatosha, tia memori kadi. Hao nao nawapinga. Leo mfumo na programu peke yake vinaweza kuchukua zaidi ya nusu ya 64, na hifadhi ya aina hii inahitaji nafasi ya wazi ili ifanye kazi: chipu haifuti faili moja moja, inafuta kwa mafungu, na ikikosa pa kupangia inazubaa. Simu iliyojaa pomoni huwa nzito, na anayejibana kwenye 64 atakuwa anafuta kila wiki. Memori kadi inasaidia kwa muziki na filamu, lakini programu na mazungumzo yako hubaki ndani ya simu. Tena simu nyingi za daraja la juu hazina tundu lake; Samsung ililiondoa kwenye Galaxy S21 mwaka 2021 na haijalirudisha kwenye mfululizo huo. Na masoko yetu yamejaa kadi bandia zilizorekebishwa zijitangaze kuwa na GB 256 wakati zina chache. Ukivuka kiasi cha kweli cha kadi hiyo, inaandika mapya juu ya ya zamani bila kukuonya. Kadi inunuliwe duka linaloaminika, ijaribiwe kwa kujazwa na kusomwa yote kabla haijapewa kitu cha maana, na isiwe kamwe mahali pekee pa kitu hicho.

Basi nani anahitaji 256 au zaidi? Yule ambaye kamera ya simu ni chombo chake cha kazi. Dakika moja ya video ya 4K kwa fremu 30, hata ikibanwa kwa mfumo mpya, ni karibu MB 170. Kwa fremu 60 ni karibu 400. Anayerekodi harusi nzima kwa 4K ya fremu 60 atajaza GB 24 kwa kila saa moja, na simu ya 128 itamwaibisha kabla keki haijakatwa. Mtengeneza maudhui, mwandishi wa habari wa video, mpiga picha wa matukio, hao wachukue 256, hata 512, kwa sababu nafasi hiyo inawalipa. Yumo pia mpenzi wa michezo mikubwa; Genshin Impact peke yake hula zaidi ya GB 20. Na yumo anayeishi mbali na kompyuta na Wi-Fi kwa miezi, hana pa kuhamishia chochote. Hao wana hesabu. Wengine wote wamebebeshwa hesabu ya watu hao.

Ukitaka kujua uko kundi gani, jibu unalo mkononi, kwenye simu unayoitumia sasa. Kabla hujaenda dukani, zima upakuaji wa moja kwa moja wa WhatsApp, futa mafaili makubwa na yaliyosambazwa mara nyingi, toka kwenye makundi yaliyokwisha kazi yake, safisha hifadhi ya muda ya TikTok na Facebook. Kisha soma kilichobaki. Tuseme simu yako ya 64 ilikuwa imejaa baada ya miaka miwili, na baada ya kufagia imebaki na GB 10 za programu na 18 za picha, video na mazungumzo ya kweli. Maana yake unazalisha GB 9 kwa mwaka. Simu mpya ya kukaa nayo miaka mitatu itabeba 20 za mfumo, 15 za programu zilizokua, 18 unazohamia nazo na 27 mpya: jumla 80. Kwenye simu ya 128 unabaki na karibu theluthi nzima ikiwa wazi. Kama hesabu yako imepita 110, nunua 256 bila kusita, na hakuna wa kukucheka.

Kwenu mnaouza simu: mteja akiuliza ipi nzuri, mwulizeni kwanza anafanya nini na simu na atakaa nayo muda gani, kisha mwambieni ukweli kuhusu RAM, aina ya hifadhi na miaka ya masasisho. Mteja aliyeshauriwa hivyo atarudi, na ataleta wenzake. Na wewe unayenunua, usikubali kuambiwa mahitaji yako na mtu asiyeijua simu yako ya sasa. Chukua 128 iliyo imara. Kinachobaki kinunulie diski ya nakala, au weka akiba ya kubadilishia betri mwaka wa tatu. Kama nyumbani kuna ada inayosubiri, lipa ada.